Fundi Aliyeisikiliza Oili

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, tulimwita Sikio. Jina hilo hakujipa mwenyewe. Alipewa na injini kuukuu za magari ya kasi. Aliweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini, akaubana mpini sikioni, akafumba macho, kisha akakwambia oili haifiki wapi. Kwa miaka mingi hakukosea hata mara moja. Ndiyo maana gerejini kwetu ikawa mwiko kufunga geji ya kupima presha ya oili baada ya yeye kusema. Kupima tena ilikuwa kumvunjia heshima.

Mwiko wa kijinga, nausema leo.

Siku moja mwalimu mstaafu, mama wa watu, alileta gari jekundu la milango miwili alilonunua na marehemu mumewe. Injini ikishapata moto, taa ya oili ilikuwa inawakawaka. Kesho yake alikuwa na safari ya kilomita mia nne, kwenda kumwona binti yake aliyejifungua. Sikio akasikiliza, akatabasamu.

"Mama, injini yako ina afya kuliko mimi. Tunaweka oili nzito kidogo, taa itazima."

Ikazima kweli, maana oili mpya ilikuwa bado baridi. Lakini mimi nilikuwa mlangoni, hatua kumi kutoka pale, nikisikia beringi za krenki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini, zikigonga: ko, ko, ko. Hatua kumi! Na yeye bisibisi iko sikioni.

Kwa muda mrefu nilikuwa nikiyashuku masikio yake. Alikuwa akijibu maswali ambayo hakuulizwa, nasi tukicheka kwamba uzee umebisha hodi. Sasa mama ameshika ufunguo. Nikisema, namwaibisha mume wa dada yangu mbele ya mteja. Nikinyamaza, injini itamfia mama barabarani akiwa kwenye mwendo.

Nikachukua geji. Nikaing'oa kwenye injini swichi inayowasha taa ya oili, nikaifunga geji mahali pake, nikawasha injini na kuiacha ingurume. Sikio alinikazia macho. Moto ulipopanda, sindano ikashuka, ikashuka, ikalala karibu na sifuri. Tukamwaga oili kwenye beseni. Ilijaa chembe za shaba zilizosagika kutoka kwenye beringi.

Mama akaamua kusafiri kwa basi. Alipoondoka, Sikio akakaa juu ya tairi.

"Umejua tangu lini, shemeji?"

"Tangu mwaka jana," nikajibu, na ilinibidi nirudie kwa sauti ya juu.

"Na dada yako?"

"Ndiye aliyeniomba ninyamaze. Alisema tufunike kombe mwanaharamu apite."

Alitikisa kichwa polepole. "Magari mangapi yametoka hapa hivi?"

Yale niliyoweza nilikuwa nikiyapima tena kwa siri, yeye akienda kula. Mengine niliyaacha yaende na watu ndani yake, nikijidanganya kwamba hiyo ndiyo adabu. Aibu hiyo ni yangu, si yake.

Akafungua daftari la wateja, akaanza kutia alama kwa kalamu kwenye kila gari alilolisikiliza tangu mwaka jana. Alipofika mwisho yalikuwa thelathini na moja. Akatoa simu mfukoni, akanikabidhi.

"Piga wewe," alisema. "Mimi hata wakinitukana, sitasikia."