Kazi Niliyoisikia Matangani

Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa na msemo wake mmoja, na alituchosha nao: kazi haisomwi gazetini, kazi inasikika. Alikuwa dereva, mwanaume wa kelele na moyo mzuri, na ndiye aliyekuwa ananilisha, kwa hiyo sikuwa na ubavu wa kumbishia. Nilikuwa nimemaliza kozi ya uhazili na kupokea simu. Nililala sebuleni kwao mtaa wa Umoja, na kila asubuhi nilibeba bahasha yangu ya kaki kwenda viwandani kusoma vibao vya langoni. Vyote viliandikwa Hakuna Kazi. Kimoja kilikuwa kimepakwa rangi upya, ala! Yaani kuna mtu alipewa kazi ya kuandika kwamba hakuna kazi.

Ilikuwa miaka ile ya tisini ambapo watu walipunguzwa kazini makundi kwa makundi. Jioni moja shemeji akaleta gazeti lililokwisha kusomwa na bosi wake, na kwenye ukurasa wa biashara tukaona kwamba kiwanda fulani cha rangi kinaongeza mashine. "Hapo wataongeza watu," akasema. "Na hawatatangaza ng'o. Wakitangaza, lango litang'olewa. Tafuta mtu wa ndani." Mtu wa ndani nitamtoa wapi, mimi mtoto wa Kakamega? Dada alikuwa ameshaniambia wazi kwamba shule zikifungwa sijapata kitu, nitarudi nyumbani kulima. Hakusema kwa ubaya. Nilimchukia hata hivyo, siku mbili hivi.

Mtu wa ndani alipatikana kwa njia ambayo sikuiombea. Kina mama wa kanisa la dada walienda matanga mtaa wa Buruburu, kwa mama mmoja aliyeugua muda mfupi akafariki, nami nikaenda kusaidia kuosha vikombe. Jioni wafanyakazi wenzake wakaja moja kwa moja kutoka kazini, matone ya rangi bado yako kwenye viatu. Walikuwa wa kiwanda kile kile. Nikipitisha chai nikamsikia bwana mmoja mwenye tai akimwambia mwenzake, "Tangu atuache, simu zinalia tu. Hakuna anayeijua vizuri ile mashine ya simu." Marehemu ndiye aliyekuwa mpokea simu wao.

Dada alikuwa amesikia pia. Akanifinya mkono. "Kufa kufaana," akaninong'onezea. "Mpelekee yule bwana chai, na useme unachojua." Picha ya marehemu ilikuwa juu ya meza, imezungushiwa maua, anacheka meno yote nje. Nilimpelekea bwana yule chai nikiwa nimeipa picha mgongo. Kumbe ndiye meneja wa wafanyakazi. Aliniuliza maswali mawili matatu kwa sauti ya chini, kama mtu anayenunua kitu cha wizi, akaniambia niende kumwona baada ya mazishi.

Nikaenda, nikachukuliwa kwa majaribio. Shemeji alizunguka ploti nzima akitangaza, "Si nilisema inasikika!" Hakuna jirani aliyeuliza ilisikikia wapi.

Kiti cha marehemu kilikuwa kimebonyea kwa umbo lake. Sweta lake lilining'inia nyuma ya mlango, na hakuna aliyethubutu kulitoa, mimi nikiwa wa kwanza. Wateja walipiga wakimtaka yeye. Nikisema amefariki, waliuliza mimi ni nani, utadhani nimemuua. Naye mama wa chai, bila kuulizwa, akaniambia mwenzangu aliyenitangulia alikipenda sana kile kiti. "Watu wa namna hiyo hawaondoki upesi," akasema, akanimiminia chai.

Halafu ikaanza simu ya saa kumi. Ofisi ikianza kutulia, taa ndogo ya laini ya nje inawaka. "Halo, habari za mchana," nasema. Kimya. Si kimya cha laini mbovu, hicho nilikijua. Kulikuwa na pumzi. Mtu anasikiliza, anangoja, kisha anakata. Kesho yake tena, na kesho kutwa. Nilianza kuogopa kwenda msalani peke yangu, mwanamke mzima! Ikikaribia saa kumi, nikijisogeza kwenye kiti naona kama nimekalia mapaja ya mtu.

Meneja naye akagundua. Alinikuta nimeganda na mkonga wa simu sikioni, sisemi kitu, taa nyingine zinawaka. "Laini ya kampuni si ya wapenzi wako," akasema. "Nikikukuta hivi tena, kesho usije." Wapenzi! Sikuwa na hata mmoja.

Nilipomweleza dada, hakufikiri mara mbili. Ni pepo, akasema, marehemu hajaridhika. Wakati huo kila uwanja mtupu wa upande wetu wa Eastlands ulikuwa na mkutano wa injili, na mapepo yalikemewa kwa vipaza sauti mchana kweupe, hivyo namna ya kufanya tuliijua vizuri. "Ukisikia pumzi tu, likemee. Kwa sauti. Usilibembeleze." Nikafunga siku nzima, sikuonja hata chai.

Taa ikawaka. Nikatazama mlangoni, hakuna mtu. Nikashika mkonga kwa mikono miwili na zile pumzi zikaja.

"Shindwa!" nikafoka. "Shindwa kwa jina la Yesu! Wewe umekufa! Rudi ulikotoka, hiki kiti ni changu!"

Halafu nikasikia mtoto analia.

"Mimi si pepo," akasema.

Mungu wangu. Ilikuwa sauti ya msichana mdogo, wa darasa la pili hivi, yenye mafua. "Wewe ni nani, mama?" nikamuuliza. Akalitaja jina la marehemu, akasema huyo ni mama yake. Tangu aanze shule mama alimwagiza, akifika nyumbani apige simu kazini aseme amefika. Hakuna mtu aliyemwambia aache.

"Mama yako..." nikaanza.

"Najua. Nilikuwa kwa mazishi." Akavuta kamasi. "Usiseme hayo maneno tena."

"Sitasema, mama. Nisamehe."

Nikasikia viatu vya meneja vinakuja kwenye korido. Nilipaswa kukata. Niliitaka ile kazi, sitadanganya. Niliitaka hata nikiwa namsikia mtoto yule akilia. Lakini mkono ulikataa kushusha mkonga.

"Mama akiwa hayuko kwa simu, kuna mwingine alikuwa ananiambia ametoka kidogo," mtoto akasema. "Wewe pia sema hivyo."

Viatu vikasimama nyuma yangu. Sikugeuka.

"Ametoka kidogo," nikasema, kwa sauti yangu ya kazi.

"Sawa," akasema. "Mwambie nimefika. Nitapiga tena kesho."