Zana Mbili, Ghala Moja

Sijawahi kuwa na subira, na mwaka ule ilinipungua zaidi. Nilikuwa nikitunza orodha ya watoto waliopotezana na wazazi wao vitani, wengi wakiwa kambini Kanyaruchinya, nje kidogo ya Goma. Majina yalikaa kwenye hifadhidata ya kampuni moja kubwa ya ng'ambo, na skrini za kuyatafutia nilizitengeneza mwenyewe kwa zana ya zamani ya kampuni hiyohiyo. Kisha ikaleta zana mpya.

Mwakilishi wao alipokuja Goma kutuonyesha, nilimuuliza mbele ya watu kama ya zamani inakufa.

"Hapana, mama. Zote ni zetu. Hata ukitumia ya washindani, hatuna shida."

"Basi nishike gani?"

"Ile unapenda," akacheka. "Lakini mbele iko ku ile mupya."

Nilikasirika kama mke mkubwa anayeambiwa anapendwa sawa na mdogo. Zana yoyote ishinde, data ingebaki ghalani mwao, kwa hiyo wao walikuwa salama. Mimi niliogopa kuachwa nyuma. Wanasema usiache mbachao kwa msala upitao. Wangu niliuacha mchana kweupe. Zana mpya ilijitengenezea skrini yenyewe kwa dakika chache: jina, jina la ukoo, tafuta. Nikazifunga za zamani.

Wiki hiyohiyo, asubuhi, akaingia mama mmoja kutoka Masisi akimtafuta binti yake wa miaka sita. Nilijaza jina la mtoto. Nikajaza la baba pale pa ukoo, kisha la mama. Hakuna.

"Mama, haiko," nikamwambia.

Alishukuru, akasema anakwenda bandarini Kituku kupanda boti. Labda mtoto alivukishwa ziwa, upande wa Bukavu.

Sikuweza kukaa. Nilizunguka meza, nikaketi, nikasimama tena. Kwetu kila mtoto ana jina lake, halifuati la baba wala la mama, na mdogo akiulizwa hutaja lile analoitwa nyumbani. Ndiyo maana skrini zangu za zamani zilitafuta kwa jina la mama na kilima alikotoka. Hayo niliyajua tangu utotoni, nikayasahau kwa sababu ya skrini nzuri. Nikafungua ya zamani. Mtoto alikuwemo: Kanyaruchinya, anaishi na jirani.

Nilichukua pikipiki hadi Kituku. Mama alikuwa bado kwenye foleni, furushi kichwani. Nilipomweleza hakuruka kwa furaha. Alinitazama tu.

"Asubui mashine yako ilisema haiko. Saa hii inasema iko. Nishike gani?"

Swali langu lilikuwa limenirudia. Niliona aibu. Nikampokea furushi, tukapanda pikipiki ileile, yeye nyuma ya dereva, mimi nyuma yake. Njia nzima hadi Kanyaruchinya nilikuwa naomba skrini ya zamani isiwe imekosea.