Nilitengwa, Sikutupwa

Sijasahau siku ile niliyovuliwa kilemba mbele ya kanisa, hapa Durban, kwenye ukumbi wetu wa ghorofani kule Albert Park. Nilikuwa na mimba iliyokwisha kuonekana, na mume sina. Mwanangu, nakusimulia kwa sababu Jumapili iliyopita niliona binti mwingine akisimamishwa palepale, na ibada ilipokwisha nikamsikia akiulizia basi la kwenda Johannesburg.

Siku zile wanakwaya wanawake tulivaa sare, kitenge kimoja na kilemba kimoja. Aliyeanguka dhambini alirudisha vyote. Kilemba changu alikifungua Mama Mchungaji kwa mikono yake, huku mumewe akitangaza kwamba nimetengwa: nisiimbe, nisishiriki meza ya Bwana, nikae benchi la nyuma mpaka nimtaje mwenzangu. Sikumtaja. Alikuwa akipiga kinanda hatua chache kutoka nilipokuwa, na hakuinua macho. Nilitaka aseme mwenyewe. Mpaka leo nashikilia kwamba toba ya mwanamume haisemwi na mwanamke.

Nililia, usinione hivi. Kazi yangu ilikuwa kusuka nywele katika saluni ya Mama Furaha, mjane kutoka mji wa Uvira, mkali kama pilipili kichaa. Nikamwambia naondoka, nahamia Johannesburg. Alinijibu bila kuacha alichokuwa akifanya.

"We mutoto, utakimbia mupaka wapi? Ile tumbo utaiacha hapa? Eish! Kaa."

Nikakaa. Kwetu Kigoma neno kutenga tunalitumia sana kwa chakula. Ugali ukiiva, mama anatenga. Watu wananawa, wanakaribia. Nikalishika neno hilo kwa ukaidi wangu wote. Wao wakisema nimetengwa, mimi nasikia nimeandaliwa, maana hakuna mtu anayetenga chakula ili akimwage. Kila Jumapili nilifika mapema, nikaketi benchi langu la nyuma, kichwa wazi, nywele nimezisuka vizuri kuliko wote mle ndani. Kiburi? Labda kidogo. Mungu alikuwa ananijua.

Sasa cheka kidogo, mwanangu. Wanawake walionipita Jumapili bila salamu, Jumamosi walikuwa wamejaa kwangu saluni, kwa sababu hapakuwa na mkono mwingine kama wangu mtaani. Na anayesukwa huinama, na akiinama ulimi hulegea. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Ya walio hai, mimi naongeza, aijuaye msusi.

Binti yangu alikuwa amekwisha zaliwa, analala kwenye kapu kando ya kigoda changu, siku aliyokuja Mama Mchungaji mwenyewe. Akaomba msuko wa twende kilioni, ile mistari inayorudi nyuma. Nikaanza. Akawa anamtazama mtoto, anamtazama, mara mabega yakaanza kumtikisika.

"Ule mudogo wangu wa Uvira, mwenye mama yangu anakomalisha," akasema kwa sauti ya chini, "haiko mudogo wangu. Ni mutoto yangu. Nilimuzala mbele ya kuolewa. Ananiitaka yaya."

Yaya, kwao, ni dada mkubwa. Mtoto wake wa kumzaa, aliyekuwa akilelewa na bibi yake, alikuwa akimwita dada, na mchungaji hakujua lolote.

Nilisuka mpaka mwisho. Alipotoka tu, nikapiga makofi. Nyani haoni kundule! Kesho yake nilikuwa nampeleka binti yangu mbele kuombewa, na nilijua watamkataa kwa kuwa hana baba wa kusimama naye. Nikamwambia Mama Furaha: wakimkataa, nayamwaga yote. Akanishika mkono, akanikazia macho.

"Kichwa ya mutu ikiwa mu mikono yako, haiko fimbo ya kumupiga nayo. Ukisema, na weye utakuwa umemufungula kilemba. Bon, mutatofautiana wapi?"

Nilikasirika. Nilijua anasema kweli, ndiyo maana nilikasirika.

Jumapili nikaenda mbele na mtoto wangu. Mchungaji akasema, "Baba wa mtoto asimame." Kinanda kikaendelea taratibu. Hakusimama mtu. Mchungaji akaniambia nirudi nyuma. Hapo, mwanangu, maneno yalinijaa mdomoni. Nikamtazama Mama Mchungaji, naye akanitazama. Alijua ninachoweza kufanya, na alikuwa akingoja nikifanye. Nikayameza. Nikasema, "Baba yake atasimama siku akiweza. Mimi nimekwisha simama. Sirudi nyuma na mtoto huyu."

Ndipo Mama Mchungaji akainuka kitini, akaja akampokea binti yangu mikononi mwangu.

"Kitanda hakizai haramu," akasema. Kisha akawageukia watu, akawaeleza habari za mtoto wake wa Uvira, yote, kwa kinywa chake mwenyewe. Mumewe akaketi chini kama mgonjwa. Kisha akanyanyuka, akaweka mkono juu ya kichwa cha binti yangu, akamwombea huku machozi yanamtoka. Kwao haikuwa rahisi baada ya hapo, lakini yule mtoto aliletwa Durban, na siku aliyomwita mama mara ya kwanza nilikuwepo.

Mpiga kinanda alimaliza wimbo wake, na baadaye akahama mji. Mimi niliyeaibishwa nilibaki na watu. Yeye alibaki na siri yake peke yake, na ndiye ninayemhurumia.

Basi shika haya. Kosa lako likijulikana, usikimbie. Waache wakuangalie mpaka wachoke, nawe uendelee kuja. Usiifanye siri ya mwenzako kuwa ngao yako, hata kama ndiye aliyekuumiza. Na lako lililojificha, litoe wewe mwenyewe, kwa sababu mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe binti uliyesimamishwa, usikate tiketi ya basi. Nawe kijana unayejijua, uliyeangalia sakafu Jumapili iliyopita wakati mwenzako anasimamishwa: bado hujachelewa. Nenda ukasimame naye.

Mungu akupe miguu ya kusimama, mwanangu, na akupe ulimi wa kusema kabla hujaulizwa. Amina.