Mguu wa Mama na Buti za Kamanda

Nilipokuwa mtoto, kijijini kwetu upande wa Kongwa, mbuzi walikuwa wakipotea mazizini, wanaume wakaunda sungusungu, walinzi wa kijiji. Wakamleta mganga. Akafukia dawa mlangoni mwa kila zizi, akasema mwizi akiivuka tu, mguu utavimba. Sote tuliamini. Mimi niliishia darasa la pili, lakini hata mwalimu aliamini.

Siku ya tatu asubuhi tuliitwa uwanjani, tukapangwa mstari kama ng'ombe wanaosubiri josho. Kamanda wao, mwanamume mwenye sauti kubwa na akili ya kuazima, alipita akikagua miguu. Akasimama mbele ya mama yangu. Mguu wake wa kulia ulikuwa umevimba kama boga.

"Mama Mwaja, hii nini?"

"Mwiba wa mgunga. Nilikwenda kuni. Mwulize Mwaja mwenyewe, ndiye aliyeuchomoa."

"Mtoto atamtaja mama yake?"

"Haya, basi na ninyi vueni hizo buti tuone."

Watu wakaguna. Kamanda akasema, "Mlinzi hakaguliwi." Mganga, ambaye jogoo wake wa malipo alikwisha kumtia kapuni, akatikisa kichwa kukubali. Ikaishia hapo.

Hawakumpiga. Walimtenga. Akawa anachota maji saa saba mchana, jua la utosi, wenzake wamekwisha kuondoka kisimani. Mimi nilimfuata nyuma na kindoo changu, macho kwenye ule mguu. Nisiwadanganye: nilimshuku. Siku akipika nyama, nilijiuliza imetoka wapi. Mwiba nilikuwa nimeuchomoa kwa kucha zangu, nikauona na damu yake, lakini dawa ya mganga niliiamini kuliko macho yangu.

Mguu ulipona. Mbuzi wakaendelea kupotea. Hakuna aliyetuita tena mstarini, wala aliyekuja kumwomba mama radhi. Alikufa akiwa bado anachota maji saa saba.

Sasa nakaa mjini, Area D, kwa mwanangu. Juzi mwenyekiti wa mtaa alibisha hodi. Wezi wamezidi, wanabeba hata sufuria na mboga yake jikoni, kwa hiyo tunaunda ulinzi shirikishi. Akanipa filimbi, kwa kuwa nashinda nyumbani, na kikaratasi.

"Bibi, andika jina la unayemshuku. Ni siri, hakuna atakayejua."

"Na nikikuandika wewe?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa natazama viatu vyake.

Filimbi nimeipokea, mwizi nikimwona nitaipuliza mpaka mapafu yatoke. Kikaratasi nilimrudishia kitupu. Mama aliyenizaa nilimshuku, na mwiba ulikuwa mkononi mwangu. Jirani, ambaye hata mguu wake sijauona, nimwandike kwa lipi?