Agapiti na Duara la Sukari

Agapiti si msemaji, na mimi si msemaji, ndiyo maana meza zetu zinapatana vizuri katika ofisi ya utafiti hapa Ifakara. Kazi yake ni ngumu kumweleza mtu sokoni. Anakusanya makala za kisayansi zilizochapishwa duniani kuhusu korona na watu waliokuwa tayari na maradhi mengine, kama sukari, presha au pumu. Anazipanga kwa mwaka na kwa mada, kisha kompyuta inamchorea ramani. Si ramani ya mito na vijiji. Ni maduara ya rangi: mada iliyoandikwa sana hupata duara kubwa, iliyoandikwa kidogo hupata dogo, na zinazotajwa pamoja huunganishwa kwa uzi.

Anaipenda kazi hiyo kama wengine wanavyopenda mpira. Andazi hulila kwa mkono wa kushoto, ili wa kulia ubaki safi kwa ajili ya kipanya. Mama yake hajui hilo.

Mama yake, Mama Agnella, analima mpunga Idete, na ana sukari. Siku za korona alisikia redioni kwamba wenye sukari ndio wanaozidiwa, akaacha kwenda kliniki kukaa benchi moja na wagonjwa. Agapiti akawa anamchukulia dawa. Mwaka jana, masika, nesi alikataa: mama aje mwenyewe apimwe. Na mama alikuwa ameanza kulalamika kwamba nyayo zinawaka moto na macho yana ukungu.

Jumamosi moja Agapiti aliichapa ramani yake kwa rangi, akaniomba nifuatane naye. Aliamini mama akiiona kazi yenyewe atamsikiliza.

"Ukiwepo mgeni hatanifukuza," akasema.

Tulimkuta shambani, juu ya dungu, kile kichanja cha miti ambacho watu hukalia kuamia ndege, yaani kuwafukuza, mpunga unapokomaa. Tukapanda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Huko ofisini mnakula, au mnasoma tu?"

"Tunasoma tu, mama."

"Nilijua. Mtazame mwenzako alivyokonda."

Agapiti akamkunjulia karatasi. Kidole cha mama kikaenda moja kwa moja kwenye duara kubwa kuliko yote. "Sukari," akasoma. Akaufuata uzi mnene hadi duara la jirani. "Vifo." Akaikunja ile karatasi, akaikalia.

"Kumbe wamekufa wengi hivi, na bado unanipeleka kwenye benchi."

"Mama, duara si watu waliokufa. Ni wingi wa maandishi."

"Nani anaandika sana juu ya kitu kidogo?"

"Hatari ipo, sikufichi. Lakini inamzidi yule ambaye sukari yake haipimwi."

Mama akageukia shamba. Kundi la kwelea, wale ndege wadogo wala mpunga, lilikuwa linashuka. Akavuta kamba iliyofungwa makopo, yakalia mpaka mwisho wa shamba, naye akapiga ukelele ambao sikuutegemea kwa mtu wa umri wake. Ndege wakahamia ng'ambo, kulikokuwa kimya.

Agapiti akawatazama.

"Shamba lile la nani, mama?"

"La Mayunga. Amekwenda Mlimba kwa mkwewe, hakuna anayeamia. Limeliwa, atavuna makapi."

"Mbona kelele zote ziko kwako?"

"Kelele si ndiyo kuamia, wewe? Umesahau hata..." Akageuka kulitazama shamba la Mayunga.

"Basi duara ni kelele, mama. Watu waliona ndege wanawashukia wenye sukari, wakapiga makopo dunia nzima."

Mama akaitoa karatasi chini yake, akainyoosha gotini.

"Na walioacha kliniki wakabaki nyumbani, wako wapi hapa?"

Agapiti akamwonyesha kiduara pembeni, kidogo kama punje. "Katika makala nilizokusanya, hao hawajaandikwa sana."

"Kwa Mayunga huko, kimya na ndege wanakula," mama akasema polepole. Akakifunika kile kiduara kwa kidole. "Haya. Jumatatu nitakwenda. Ila ndege hawana Jumatatu. Nani ataamia?"

"Mimi."

Mama alicheka mpaka dungu likatikisika. "Wewe, baba? Hata kuku hawakuogopi."

Jumatatu Agapiti aliomba ruhusa kazini, mimi nikaomba ya kumsindikiza mama. Kliniki tulikaa benchi moja, tumevaa barakoa, mama ameushika mkono wangu kwa nguvu hadi alipoitwa. Sukari ilikuwa juu sana. Walimbadilishia dawa, wakamwambia arudi baada ya wiki mbili.

Tuliporudi alasiri tulimsikia Agapiti kabla ya kumwona. Maneno ya kuwatishia ndege yalikuwa yamemwishia, sasa anawatajia mada zake kwa sauti iliyokauka: pumu, presha, figo, unene. Mama alipita ukingoni mwa shamba akishika suke moja moja, akasimama kwenye kona ambako masuke yalikuwa yameliwa.

"Hapa ulilala."

"Nilikuwa nakunywa maji, mama."

"Nikirudi kliniki baada ya wiki mbili, kunywa huku unavuta kamba."