Mkoba wa Ng'ombe Aliyetoka Marani

Mke wangu aliniambia mapema kabisa kwamba huo mkoba hataubeba. Sikuwa hata nimeikata ngozi. Nilikuwa nimeinama nyuma ya jiko nikigonga vigingi, naiwamba ngozi kivulini, naye akapita na sufuria akasema, "Mzee, fanya unavyotaka. Lakini mimi siwezi kumtundika ng'ombe wangu begani nitembee naye kwa watu." Akaenda zake. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa na hasira.

Niseme kwanza huyo ng'ombe alikuwa nani. Alikuja na mahari ya binti yetu wa mwisho, aliyeolewa huko Marani. Alikuwa mwekundu, na doa jeupe pajini, pembe moja imeangalia chini. Wale wengine waliokuja naye walienda na shida za nyumbani, mnajua zinavyokuwa. Huyu, mke wangu, ambaye mimi namwita mama, alisema haendi popote, na hakwenda. Binti alipoondoka nyumba ilinyamaza sana, na ni hapo mama akaanza kuongea na ng'ombe. Asubuhi akikamua alimweleza kila kitu, binti amepiga simu, mtoto ameota meno, mvua ya kule imeharibu mahindi. Mimi nilikuwa nakunywa chai upande wa pili wa ukuta, na nakwambia ukweli, habari nyingi za mtoto wangu nilizipata kwa kusikiliza alichoambiwa ng'ombe.

Basi mwaka huo mvua ilizidi. Sisi tunakaa upande wa Nyamira, kwenye miteremko ya majani chai, mahali ambapo hata mtu mwenye miguu miwili anashuka akishikilia kichaka. Ng'ombe akateleza, mguu wa mbele ukavunjika. Hakukuwa na la kufanya. Nikamwita mwenye bucha kutoka Keroka. Mama akaenda kwa dada yake, akakaa huko mpaka nyama yote ikaondoka. Sisi wawili hatukuonja. Mimi niliomba ngozi tu. Yule wa bucha akacheka, akauliza kama nataka kuilalia kama mababu.

Nilijua ninachotaka. Kanisani kwetu mama ni mmoja wa wale wanaotembelea wagonjwa. Jumamosi tukitoka ibadani yeye harudi nyumbani, anapanda kilima hiki, anashuka kile, na Biblia na kitabu cha nyimbo na chupa ya uji kwenye mfuko wa nailoni ambao zipu yake ilikufa zamani. Na huku kwetu mchana ni mvua. Biblia ilikuwa imenyonya maji hadi imevimba kama mkate, haifungiki. Nikasema huyu mtu anahitaji mkoba wa maana, ule wa kifuniko kinachoangukia mbele na mkanda mrefu wa kupitisha kifuani, kama walivyokuwa nao wapeleka barua nikiwa kijana. Nilimwona mmoja wao akivuka mto na mkoba kichwani, yeye akalowa mpaka shingoni, barua kavu. Kitu hicho hakijawahi kunitoka.

Nisije nikajifanya fundi. Mimi nilisoma kidogo sana, mpaka darasa la tatu, kisha nikaenda kuchuma majani chai, na hiyo ndiyo imekuwa kazi yangu. Ngozi nilianza uzeeni. Nilikuwa nimempelekea kiatu fundi mmoja pale Keroka, mtu wa kule ziwani, ana kibanda karibu na malori yanapoegeshwa, na nikakaa kumtazama. Nikarudi kesho yake nikiwa sina kiatu kibovu. Akanipa kipande cha ngozi na sindano akasema, "Mzee wangu, kama umekuja kukaa, shona." Tangu hapo nimeshona ala ya kisu, mshipi, na kitu cha kuwekea funguo ingawa nyumba yetu ina ufunguo mmoja tu. Siuzi. Mikono iliyochuma majani miaka yote haijui kukaa bure mapajani, hiyo tu.

Ngozi ya ng'ombe ina kazi, nisikudanganye. Uiloweke kwenye majivu na chokaa mpaka manyoya yalegee. Uikwangue. Halafu uiloweke tena kwenye pipa la magome ya muwati yaliyopondwa, maji mekundu kama chai iliyosahauliwa jikoni, na kila mara uongeze magome. Harufu yake ilifanya jirani aulize kama kuna kitu kimekufa kwetu. Mama akamjibu, "Ndiyo, kimekufa." Jirani akaondoka bila kuuliza tena.

Ilipotoka ilikuwa ya rangi ya udongo wetu. Nikachora mfano kwenye karatasi ya mfuko wa simiti, nikakata. Mgongo wa ng'ombe ndio mzuri zaidi, mzito na hauvutiki. Huko nikatoa mwili wa mkoba, kifuniko, na mkanda. Bizimu, kile chuma cha kufungia, niliitoa kwenye mshipi wa mitumba, sokoni Daraja Mbili. Matundu ya kushonea yanatakiwa yapangane sawasawa, na mimi nilitumia uma. Unaukandamiza kwenye ngozi, meno yake yanaacha alama, kisha unatoboa kwa msharasi, ile sindano nene ya washona viatu.

"Uma wangu uko wapi?" mama anauliza.

"Sijui."

"Naona kichwa chake kwenye mfuko wako wa shati."

"Basi umeuona."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu kuhusu mkoba. Nilishona kwa sindano mbili kwenye uzi mmoja, hii inaingia huku, ile inaingia kule, tundu moja, halafu unavuta mikono yote miwili kama unayemkumbatia mtu. Mama akipita hakutazama. Lakini nilianza kuona kwamba anapita mara nyingi.

Ikabaki kuilainisha. Fundi wa Keroka alikuwa amenipa mafuta kwenye kikopo kisicho na karatasi, meupe, mazito. Nilianza na mkanda kwa sababu ndio unaolala kwenye shingo ya mtu. Nikapaka, nikasugua, nikapaka tena, mkanda ukawa laini, nikafurahi. Kikopo kikaisha kabla sijagusa mkoba wenyewe. Nikaenda Keroka kuomba mengine.

"Yapo," fundi akasema. "Ngoja nimpigie yule wa nguruwe."

Nikamuuliza nguruwe anaingilia wapi.

"Mzee, si ndiyo mafuta yenyewe? Hakuna kitu kinachopenya ngozi kama nguruwe." Kisha akaniangalia usoni, akaweka nyundo chini. "Loo. Nyinyi ni watu wa Jumamosi."

Sisi tunaosali Jumamosi hatuli nguruwe, hatumfugi, wala mafuta yake hayaingii nyumbani. Yeye anasali Jumapili na anamla, na hakunificha chochote, mimi ndiye sikuuliza. Alisikitika kuliko mimi. Alitaka kunipa mkanda mwingine bure, wa ngozi ya dukani. Nikakataa. Mkoba wa ng'ombe huyu na mkanda wa ng'ombe wa mtu mwingine, hapana.

Njiani nilitembea taratibu. Nilifikiria, siwezi kusema sikufikiria, kwamba hakuna atakayejua. Mafuta yameshazama. Biblia itakaa ndani na mkanda uko nje. Na mtu mwenyewe ameshasema hataubeba, sasa nikimwambia hivi nitakuwa nimempa sababu ya pili, ambayo haina hata majibu. Lakini nilikuwa namwona akiupitisha ule mkanda juu ya kichwa chake, kwenye kitambaa chake cheupe cha kanisa, akiniamini. Hapo nikajua nitasema.

Alikuwa amekaa mlangoni akichambua chinsaga, mboga yetu ile chungu. Nikakaa kando yake nikaanza kuchambua nami, maana maneno magumu yanatoka vizuri mikono ikiwa na kazi.

"Mama, yale mafuta niliyopaka mkanda ni ya nguruwe."

Alichambua shina zima kabla ya kujibu. "Umepaka wapi pengine?"

"Mkanda tu."

"Mkoba hukugusa?"

"Sikugusa."

"Basi toa huo mkanda umpelekee huyo fundi wako, ana wateja watakaoupenda." Akatupa vijiti. "Ngozi imebaki?"

"Imebaki shingo. Lakini shingo inavutika, fundi alisema usiwahi kukata mkanda kwenye shingo."

"Lete nione."

Nilimletea. Hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kuishika. Aliitandaza mapajani, akapitisha kidole polepole mpaka akakuta mstari uliopauka kuzunguka, umelika kidogo, laini kuliko pengine. Mimi nilikuwa nimeifanyia kazi ngozi ile mwezi na zaidi na nilidhani ni kasoro ya kukwangua.

"Hapa ndipo kamba ilikuwa inakaa," akasema. "Nilikuwa naihamisha jioni isimuumize. Sikuihamisha vya kutosha."



Akainuka, akaingia ndani, akarudi na kibuyu kidogo. Ilikuwa samli. Maziwa ya mwisho ya yule ng'ombe alikuwa ameyageuza siagi, akaichemsha, akaiweka, na hakuwa ameniambia. Nilikuwa nakula ugali na mboga kavu wakati wote huo na samli iko chini ya kitanda. "Kata hapa," akaniambia, akionyesha ule mstari. "Upite katikati ya mkanda." Nikakata vipande viwili, nikaviunga. Yeye ndiye aliyepaka. Alipaka kwa viganja, mkanda kwanza, kisha mkoba wote, akiwa ameinamisha kichwa, na baada ya muda nikamsikia anaanza, kwa sauti ndogo, kwamba binti amepiga simu jana, na mtoto sasa anatembea. Nikasogeza kiti changu upande wa pili wa ukuta.

Fundi alisema kweli. Shingo inavutika. Mkoba uliokuwa kiunoni sasa unapiga karibu na goti, na samli jua likiwaka inanuka, mbwa wa jirani humsindikiza mama mpaka kanisani. Nilitaka kuukata mkanda niufupishe. Akakataa. Amepiga fundo, lile fundo la kumfungia ng'ombe kwenye kigingi, analijua yeye, mimi huwa linanifungukia. Jumamosi anatangulia, mimi nafuata na fimbo yangu. Mvua ikianza anavuta kifuniko. Na akishuka kwenye mteremko naona mkono wake ukiupiga mkoba ubavuni, polepole, kama alivyokuwa akimpiga ng'ombe asogee kidogo amkamue.