Mshale wa Mizani Ndani ya Lifti

Nilipoanza kujifundisha fizikia kwa vitabu vya maktaba, kosa langu la kwanza lilikuwa kuamini kwamba mizani hupima mvutano wa dunia, basi. Mvutano huo ni uleule ghorofa ya kumi na nne tunakoishi na kule chini barabarani, kwa hiyo nikaona mizani haiwezi kudanganya. Watu ndio wanaodanganya.

Mama alikuwa anasafiri kwenda Dar, na kama kawaida yetu tunaoishi ughaibuni, sanduku lilijaa mizigo ya watu kuliko yake. Mwisho unaoruhusiwa kwenye ndege ni kilo ishirini na tatu. Nililipima sebuleni kwa mizani ya kuning'iniza, ile ya mshale: ishirini na tatu kamili. Nikapima tena. Na tena. Kisha nikaenda kuvaa viatu, nikamwacha mama mdogo amekaa karibu na sanduku. Alikuwa ametoka kwake Etobicoke, upande wa pili wa mji, na kifurushi alichokizungushia selotepu, nacho kilikuwa kimeshaingia. Lakini yeye hakosi cha kuongeza.

Kwenye lifti sikuvumilia. Nikaliinua sanduku kwa mizani. Lifti ilipokuwa inasimama chini, mshale ukapanda hadi ishirini na tano.

"Umeongeza nini, mama mdogo?"

"Nimeongeza dua tu, mwanangu. Nayo ina kilo?"

"Acha, teksi inasubiri," mama akasema.

Sikuacha. Nilifungua sanduku pale mlangoni, majirani wakipita, nikakata selotepu ya kifurushi chake. Sidiria mpya za bibi na dawa yake ya kuchua magoti. Hakuna kingine.

"Haya, waite na majirani waone," mama mdogo akasema. Safari hii hakuwa anatania. Nikapima nimesimama sakafuni: ishirini na tatu. Yeye alikwenda zake kupanda basi. Uwanja wa ndege hakuja.

Niliporudi nilipanda na kushuka na mfuko wa mchele kwenye mizani. Lifti ikianza kushuka, mshale unarudi nyuma, ikisimama, unapanda. Dunia ilikuwa inavuta vilevile. Mizani ilionyesha nguvu ya mkono wangu, na kukisimamisha kitu kinachoshuka kunataka nguvu zaidi ya kukishikilia tu.

Nikampigia mama mdogo simu kumweleza.

"Kwa hiyo mwizi ni lifti," akasema. "Sawa, baba."

Siku hizi napima kwenye sakafu isiyosogea. Mama mdogo bado analeta mizigo ya kupeleka nyumbani, ila vifurushi vyake havina tena selotepu.